Abiria Si Mzigo: Niliyoyaona Nikisukuma Vitimwendo Uwanja wa Ndege

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kusukuma vitimwendo kwenye uwanja mkubwa wa ndege wa kimataifa. Kazi ile niliiacha, lakini uwanja sikuuacha: mama yangu husafiri, magoti yake hayataki tena mwendo mrefu, na mimi ndiye ninayemsindikiza. Kwa hiyo kiti kile nimekijua kwa nyuma, nikiwa nimeshika vipini, na nimekijua kwa ubavuni, nikiwa nimebeba mkoba wa aliyekikalia. Niliyoyaona pande zote mbili yamenifanya niamini jambo moja, nami nalisema bila kuzunguka: viwanja vingi vikubwa vinamhudumia abiria asiyeweza kutembea kama vinavyohudumia mizigo. Vinampa alama, vinamhesabu, vinamsogeza, vinamweka pembeni hadi zamu yake ifike. Mara nyingi anafika salama. Lakini kufika salama tunalidai hata kwa masanduku yetu.

Nianze na alama zenyewe, maana wasafiri wengi hawazijui na ndizo zinazoamua mambo. Ukiomba msaada wakati wa kukata tiketi, jina lako huwekewa herufi nne. WCHR ni mtu anayeweza kupanda ngazi na kujifikisha kitini, ila umbali wa uwanja unamshinda. WCHS ngazi haziwezi, lakini ndani ya ndege atatembea hatua chache mwenyewe. WCHC hatembei, lazima afikishwe mpaka kwenye kiti chake. Zipo na nyingine: BLND kwa asiyeona, DEAF kwa asiyesikia, MAAS kwa anayehitaji kupokelewa na kuongozwa. Herufi hizi mashirika ya ndege huzitumia dunia nzima, na faida yake ni kubwa. Wakala aliye bara jingine anaziandika, na sisi tulio upande wa pili tunajua tulete kiti gani na twende watu wangapi.

Ubaya huanza pale herufi zinapogeuka kuwa jina la mtu. Kwenye redio za mkononi tulimtaja mtu kwa herufi ya mwisho tu: "Nina S wawili geti la kumi na nne." "Nani yuko huru amchukue C anayeshuka sasa hivi?" Ni lugha ya haraka na siilaumu, maana zamu ikichemka hakuna nafasi ya maelezo. Ila nilikuwa naona kinachofuata. Aliyeitwa C redioni anaendelea kuwa C hata redio ikinyamaza. Msimamizi anakuja, ananitazama mimi ninayesukuma, anauliza, "Huyu anaweza kusimama?" Na huyu mwenyewe yuko pale, ana masikio, ana ulimi, pengine ni hakimu au mwalimu wa hesabu. Afisa wa uhamiaji anapokea pasipoti kutoka mkononi mwa abiria, anaigonga muhuri, kisha anainyoosha kwangu. Kwenye ukaguzi wa usalama, swali la kama ana kitu mfukoni naulizwa mimi. Nilijizoeza jibu moja: nilirudi nyuma hatua moja na kusema, "Muulize mwenyewe." Baadhi ya maafisa walinuna. Abiria, kwa kumbukumbu zangu zote, hakuna aliyenuna.

Sasa kuhusu kumnyanyua mtu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo heshima ya msafiri inaposhikwa kwa mikono hasa.

Kitimwendo cha kawaida hakipiti kwenye njia ya katikati ya viti vya ndege. Kwa hiyo abiria wa C hupelekwa na kitimwendo mpaka mlangoni mwa ndege, kisha anahamishiwa kwenye kiti chembamba chenye magurudumu madogo, kisicho na pa kuegeshea mikono, chenye mikanda ya kifuani, mapajani na miguuni. Kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja anasimama nyuma, anapitisha mikono chini ya makwapa ya abiria na kushika vigasha vyake alivyovikunja kifuani. Mwingine anainama mbele na kushika chini ya magoti. Mnahesabu pamoja, mnanyanyua, mnageuka, mnashusha. Mkifika kwenye safu yake mnarudia yaleyale, safari hii mkilazimika kuvuka ule mkono wa kiti ulio upande wa njia. Kwenye viti vingi mkono huo unanyanyuka, lakini mpaka ubonyeze kitufe kilichojificha chini yake, karibu na unapoungana na mgongo wa kiti. Nimekutana na wahudumu wa ndege wengi tu ambao hawakijui kilipo. Usipokijua, unamwinua mtu mzima juu ya chuma wakati ungeweza kumtelezesha.

Mafunzo tuliyopewa yalijali sana migongo yetu: kunja magoti, usipinde kiuno, usinyanyue peke yako. Mambo hayo ni ya kweli na nayashukuru. Yaliyobaki nilifundishwa na abiria. Mwanamke mmoja aliyeumia uti wa mgongo aliniambia kabla sijamgusa, "Mguu wa kushoto utaruka ukiushika ghafla. Usiogope. Ushike kwa kiganja chote, taratibu." Na kweli uliruka, nami nikaushikilia mpaka ukatulia. Akaniomba pia niangalie ncha za viatu vyake zisiburute kwenye zulia, kwa sababu kidole kikijikunja ndani ya kiatu yeye hatasikia maumivu, atakuja kuona uvimbe jioni. Nikainama, nikamshika visigino, tukaenda hivyo safu baada ya safu mpaka kitini kwake, mwenzangu akisukuma nyuma na mimi nikirudi kinyumenyume. Halafu akavuta blauzi yake iliyopanda, akafunga mkanda, akaniuliza kama mgongo wangu uko sawa.

Tangu siku ile swali langu la kwanza kwa kila abiria lilikuwa, "Nikushike wapi, na wapi nisiguse?" Linachukua sekunde chache. Ningetaka liwe sharti la kazi kama ilivyo sharti kukagua breki za kiti, kwa sababu jibu hutofautiana kabisa: mmoja ana bega lililoteguka, mwingine ana mfuko wa mkojo chini ya suruali, mwingine hataki kushikwa kwapa na mwanamume asiyemjua na ana haki hiyo.

Utaratibu wetu ulikuwa kwamba anayesaidiwa anaingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Kuingia kwanza kuna maana nzuri: ndege ni tupu, hakuna macho, mnafanya kazi bila haraka. Ndege ikichelewa, hicho ndicho kitu cha kwanza kuvunjwa. Geti linafunguliwa kwa wote, halafu mtu ananyanyuliwa mbele ya watu wanaosubiri kuweka mabegi yao juu. Niliona haya ya mtu mzima usoni mara nyingi mno kuamini kwamba ni gharama ndogo ya kuokoa dakika tano.

Yalikuwepo mazuri pia, na siyasahau. Pale ambapo hakuna daraja la kupandia, tulitumia lori lenye chumba kinachonyanyuka mpaka usawa wa mlango wa ndege, sisi tukiliita ambulifti. Kwa kawaida linakwenda upande wa kulia wa ndege, ule ambao abiria wengine hawapandii kabisa. Alfajiri moja tulikuwa na mzee ambaye hakuwahi kupanda ndege maishani mwake. Chumba kilipofika juu aliomba tusubiri kidogo. Kwenye njia ya kurukia ndege kubwa ilikuwa inaanza kukimbia, taa zake zote zikiwaka, na mzee akaishika reli kwa mikono miwili akaitazama mpaka ikaacha ardhi. Dereva aliona kupitia kioo, hakusema neno, hakushusha mlango mpaka mzee alipoitikia kwa kichwa. Yule dereva naye alikuwa na ratiba ya kukimbizana nayo kama sisi wote. Kazi ile ikifanywa hivyo, sijui kazi nyingine uwanjani inayoizidi.

Nilipokuja kusimama upande wa pili, na mama, nilijifunza kusubiri. Kwenye uwanja mmoja tuliopitia tukibadilisha ndege, sehemu ya wanaosaidiwa ilikuwa nyuma ya nguzo nene. Viti vimegeukia ukuta, ubao wa ndege hauonekani, choo kiko mbali. Msukumaji alimwegesha mama, akafunga breki, akasema atarudi, akaitwa kwingine. Mama ni mtu asiyependa kusumbua. Alikaa kimya muda mrefu kabla ya kuninong'oneza kwamba ana haja. Mimi nilikuwepo, nikampeleka. Karibu yake alikuwepo mama mwingine, mkubwa zaidi, amekumbatia bahasha ya hati zake, peke yake. Nilipomuuliza kama angependa twende pamoja alisimama kabla sijamaliza sentensi.

Kitu ambacho wengi hawakigundui ni magurudumu. Viti vingi vya viwanja vya ndege vina magurudumu madogo mbele na nyuma. Ni vyepesi kusukuma, vinapangika vizuri, haviibiwi kirahisi. Lakini aliyekalia hawezi kujisogeza hata mita moja, kwa sababu hakuna gurudumu kubwa la kushika kwa mkono. Mtu ambaye nyumbani kwake anajiendesha siku nzima anafika uwanjani, kiti chake kinachukuliwa kwenda kwenye shehena, anapewa kile cha kusukumwa, na papo hapo anageuzwa mtu wa kungojea. Aliyenunua viti hivyo alifanya uamuzi juu ya uhuru wa watu bila kuwauliza. Viti vyenye magurudumu makubwa vipo, vinauzwa, vinadumu. Kila uwanja ungepaswa kuwa navyo vya kutosha.

Na umbali. Kwenye zamu zangu R walikuwa wengi kuliko S na C wote kwa pamoja. Hawa ni watu wanaotembea: wanapika, wanapanda ngazi za nyumba zao, wanakwenda ibadani kwa miguu. Kinachowashinda ni jengo. Huwezi kuwaita wagonjwa kisha ukaacha kulitaja jengo lililowashinda. Wabunifu wa zamani walilijua hilo. Uwanja wa Love Field wa Dallas, Marekani, uliweka mwaka 1958 njia inayojiendesha yenyewe na kumbeba aliyesimama juu yake, ya kwanza kwenye uwanja wa ndege. Eero Saarinen, msanifu majengo mzaliwa wa Finland, aliona mwendo wa kwenda kwenye ndege kuwa kasoro ya kurekebishwa. Uwanja wa Dulles nje ya Washington, uliofunguliwa mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya kifo chake, ulijengwa na vyumba vya kusubiria vyenye magurudumu ambavyo vilichukua abiria jengoni na kuwapeleka mpaka kwenye ndege. Mbinu hiyo haikuenea, ndege zilipokuwa kubwa ikawa mzigo, lakini wazo lake nalipenda: badala ya kumwendesha mtu alifuate geti, geti limfuate yeye. Daxing ya Beijing, iliyofunguliwa mwaka 2019, ilichukua njia nyingine. Jengo lina mikono mitano inayotoka katikati kama miale ya nyota, na geti la mbali kabisa linafikika kwa takribani dakika nane kwa miguu. Inawezekana, basi. Pale isipowezekana kulijenga jengo upya, mabenchi yanawezekana. Viwanja vingi vinampitisha abiria kwenye njia inayopindapinda katikati ya manukato na chokoleti mara tu anapotoka kwenye ukaguzi, na kwenye njia yote hiyo hakuna pa kukaa. Weka benchi kila baada ya mita hamsini na utapunguza foleni ya vitimwendo bila kuajiri mtu.

Nani awajibike? Sheria hazifanani. Marekani ilipitisha mwaka 1986 sheria inayokataza ubaguzi dhidi ya abiria wenye ulemavu, na chini yake msaada ni jukumu la shirika la ndege. Umoja wa Ulaya, kwa Kanuni namba 1107 ya mwaka 2006, uliuweka mzigo huo kwa mwendeshaji wa uwanja kuanzia Julai 2008. Msaada hautozwi kwa anayeuhitaji. Gharama inachangiwa na mashirika yote kulingana na idadi ya abiria wao. Mimi nauona mpango wa pili kuwa bora. Nimesimama kwenye korido kati ya teminali mbili na abiria wa kubadilisha ndege, shirika moja likisema limeshamaliza naye, jingine likisema bado hajawa wake. Uwanja ukiwa ndio mwenye jukumu, hakuna pa kumrushia. Lakini sheria nzuri haitoshi ikiwa kazi inapewa mkandarasi wa bei ya chini kabisa. Wasukumaji ni kati ya wanaolipwa kidogo zaidi uwanjani, na kwenye viwanja kadhaa vya Marekani hutegemea bakshishi. Huwezi kumwambia mtu ashike mwili wa binadamu kwa uangalifu, halafu ukampangia abiria wa pili kabla hajamfikisha wa kwanza.

Kuhusu viti vya watu wenyewe, nitasema kwa ufupi kwa sababu linaniuma. Takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha kwamba mwaka 2023 mashirika ya nchi hiyo yaliharibu, yalichelewesha au yalipoteza vitimwendo na skuta za wenye ulemavu zaidi ya 11,000. Nimeuona uso wa mtu anayeletewa kiti chake kikiwa na kishikio cha kuongozea kilichovunjika. Kiti kile kimepimwa kwa mgongo wake, kwa nyonga zake. Si sanduku la kununua jingine. Sehemu ya tatizo ni mlango wa shehena: kwenye ndege zenye njia moja tu katikati ya viti ni mfupi kuliko viti vingi vya umeme vikiwa vimesimama, kwa hiyo vinalazwa ubavu na watu wasiojua sehemu gani inavumilia uzito. Kama una kiti cha umeme, chapisha ukurasa mmoja wenye picha, eleza wapi pa kushika, jinsi ya kuachia gia, betri ni ya aina gani, uufunge kwenye kiti kwa plastiki. Betri ya lithiamu inayotolewa husafiri nawe ndani ya ndege, na kikomo kwa betri moja ni watisaa 300 (Wh, kipimo cha nishati kinachoandikwa kwenye betri), au betri mbili za watisaa 160 kila moja. Toa taarifa mapema. Ulaya sheria inataja saa 48 kabla. Na simu yako iwe na picha za kiti kabla hakijaondoka mikononi mwako.

Limebaki jambo ambalo wafanyakazi wenzangu walilizungumza kwa hasira na ambalo bado linazusha maneno makali: wale wanaoomba kitimwendo wakati wa kuondoka, wakapita foleni, kisha ndege ikitua wanashuka kwa miguu yao na kuondoka. Wanaitwa waongo. Wapo wanaotaka waombwe vyeti vya daktari.

Mimi niliwasukuma watu hao kwa miaka na sikubaliani. Wapo wajanja, sikatai. Lakini wengi niliozungumza nao njiani walikuwa na sababu. Kuna mwenye moyo dhaifu, ambaye mwanzo wa safari ana foleni mbili na mwendo mrefu, na mwisho wa safari ana mlango na gari la mwanawe. Kuna mwenye maumivu yanayokuja na kuondoka. Kuna ulemavu usioonekana kwa macho. Uwanja wa Gatwick, karibu na London, ulianzisha mwaka 2016 utepe wa kijani wenye maua ya alizeti, ambao abiria huuvaa shingoni ili wafanyakazi wajue bila yeye kujieleza, na viwanja vingi duniani vimeufuata mfano huo. Na kuna kundi kubwa kuliko yote, ambalo halina maumivu yoyote: watu wazima wanaosafiri peke yao mara ya kwanza, hawasomi lugha iliyoandikwa kwenye mabango, na wanaogopa kupotea. Mtoto wao aliyekata tiketi alijua kwamba ukiomba kiti, mtu atakuja na kukupeleka mpaka getini. Alichohitaji mama yake ni mtu. Kiti kilikuja kama njia ya kumpata mtu huyo.

Herufi za MAAS zimewekwa kwa ajili ya watu hao, lakini ni mashirika machache yanayompa abiria nafasi ya kuzichagua wakati wa kukata tiketi, na kwenye zamu zetu hakukuwa na hata mfanyakazi mmoja aliyepangiwa kuongoza watu tu, bila kiti. Wawekwe. Wakae karibu na kaunta, wawe wanazungumza lugha za wasafiri wa njia zile, watembee nao kwa mwendo wao mpaka getini. Vitimwendo vitabaki kwa wanaovihitaji, na yule mama aliyekumbatia bahasha ya hati ataingia kwenye ndege akitembea kwa miguu yake, bila kulazimika kusema anaumwa.